Skrubu ya mkanda iliyolegea kwenye kitako cha bunduki

Toa magazini, fungua bolti (komeo la chuma linalofunga chemba), tazama ndani ya chemba kisha papasa kwa kidole kuhakikisha haina risasi. Risasi zote ziwekwe mbali na meza ya kazi. Vua na mkanda.

Sasa jaribu skrubu. Pitisha msumari kwenye tundu la kichwa chake uzungushe kuelekea kukaza. Ikikaza, haina ugonjwa mkubwa: ilijifungua tu kwa kuyumba kwa mkanda. Ikizunguka bila kushika, au ikitoka ukiivuta kwa vidole, meno ya skrubu yamekwisha kukwangua mbao, na kuizungusha zaidi ni kusaga kilichobaki.

Wengi hukimbilia skrubu nene zaidi. Hiyo hufanya kazi ya kabari. Sehemu ya chini ya kitako ni nyembamba na nyuzi za mbao hupita kwa urefu wake, kwa hiyo mbao hupasuka kufuata nyuzi hizo. Ukiona ufa tayari, tia gundi ndani yake, bana kwa klampu, uache ukauke siku nzima kabla ya kugusa tundu.

Njiti za meno zilizochovywa gundi ya mbao zitashikilia kwa muda. Bunduki ya kilo 3 na nusu ikiningʼinia begani na kutikisika kila hatua, njiti husagika. Tiba ya kweli ni kuziba tundu kwa kijiti cha mbao ngumu na kutoboa upya.

Fungua skrubu, safisha tundu, kisha lisugue kwa pamba yenye asetoni mpaka pamba itoke safi. Usiharakishe hapa: mafuta ya bunduki yakibaki ndani, gundi haishiki kabisa. Asetoni isiguse vanishi ya nje, maana huiyeyusha. Zungushia tundu utepe wa karatasi. Acha pakauke vizuri.

Toboa kwa biti ya milimita 8, wima kabisa, kina kizidi urefu wa skrubu kwa milimita 5. Funga utepe kwenye biti kuonyesha mahali pa kusimama. Kijiti cha milimita 10 badala ya 8 kina nyama zaidi, lakini huenda kikaonekana pembeni mwa kichwa cha skrubu.

Chora mfereji mwembamba ubavuni mwa kijiti ili hewa na gundi ya ziada vipate njia. Bila huo, gundi iliyobanwa chini hukisukuma kijiti kirudi juu. Paka epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) ya kukauka polepole tunduni na kwenye kijiti, kiingize, futa ziada, uache saa 24. Epoksi ya dakika 5 inavutia, ila huanza kuganda kabla haijazama kwenye mbao. Kikishakauka, kata kilichozidi na usawazishe kwa patasi kali.

Kwa tundu jipya, pima kiini cha skrubu, yaani unene wake bila meno. Skrubu ya unene wa milimita 5 kwa kawaida huhitaji biti ya karibu milimita 3 na nusu. Biti ikiwa ndogo mno skrubu hukatika shingo. Ikiwa kubwa, umerudi ulikoanza. Kama chini ya kichwa pana sehemu isiyo na meno, panua mdomo wa tundu kulingana nayo.

Kijiti kina udhaifu mmoja: skrubu inaingia sambamba na nyuzi zake, na nyuzi za hivyo hazishiki vizuri. Kwa hiyo ingiza skrubu mara moja, itoe, dondoshea tunduni matone mawili ya gundi nyepesi ya papo hapo, subiri ikauke kabisa, kisha paka skrubu nta na uirudishe. Meno ya mbao yatakuwa magumu. Malizia tundu la kichwa likiwa limekaa kukingama na urefu wa kitako, la sivyo pete ya mkanda itajipinda.

Skrubu ya mbele, chini ya mtutu, ni habari nyingine. Mara nyingi hushikwa na nati iliyofichwa ndani ya mbao, kwa hiyo tenga mtutu na mbao, kaza nati, kisha hakikisha ncha ya skrubu haigusi mtutu, kwa sababu ikiugusa shabaha huhama.

Kabla ya kubeba, vuta mkanda kwa nguvu kuelekea chini na pembeni huku bunduki ikiwa juu ya meza. Skrubu isisogee hata kidogo.