SOMO: Helikopta inalala mlimani peke yake na mvua inakuja. Ifunge hivi

Wakuu, nimechoka. Kila masika ikikaribia swali ni lile lile: "Wingu limefunga, gari limekuja kutuchukua, helikopta tunaiachaje kule juu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namleta hapa.

Mifano yangu ni ya helikopta aina ya AS350 na R44, ndizo nilizozishika zaidi. Yako ikiwa nyingine, kitabu chake ndicho mwalimu.

1. Mahali. Korongoni hapana, hata kama mchanga ni mkavu kama unga. Mvua inanyesha huko usikokuona, maji yanakufuata usiku. Kileleni hapana, chini ya mti hapana. Tafuta bega la kilima penye changarawe au nyasi fupi. Udongo mweusi wa mbuga ukwepe, nitaeleza mwishoni.

2. Pua. Ielekeze wingu linakotokea, siyo upepo unakovuma saa hiyo. Wingu la radi linamwaga hewa baridi, hewa hiyo inatambaa chini na kukufikia kabla ya tone la kwanza, mara nyingi kinyume kabisa na upepo wa mchana.

3. Zima kila kitu, chomoa betri, vuta breki ya rota, yaani ya yale mapanga yanayozunguka juu.

4. Mafuta. Jaza kama unayo. Tangi la AS350 B3 ni lita 540, hizo ni zaidi ya kilo 400 za kuikalisha chini. Ila piga hesabu ya kesho: kwa urefu ule na watu wale, itanyanyuka?

5. Vizibo: njia ya hewa ya injini, bomba la moshi, pitoti (kile kimrija cha kupimia kasi). Vyote viwe na utepe mwekundu.

6. Mapanga. Hapa tulieni. Watu wanaogopa upepo utaibeba helikopta nzima, kumbe kinachotangulia kuumia ni panga. Likizunguka linanyooka kwa mzunguko wake; likisimama linaning'inia tu, na upepo unalinyanyua na kulibwaga, unalinyanyua na kulibwaga. R44 ina mawili: moja lilaze juu ya mkia, ulifunge hapo kwa mkanda wake. AS350 ina matatu: moja nyuma juu ya mkia, mawili mbele, kila ncha ivalishwe soksi yake, yaani mfuko wa kitambaa, na kamba zishuke.

Sasa aibu yangu. Mwaka wa tatu kazini, tuliiacha helikopta upande wa Milima ya Gol, kule Ngorongoro, kamba za nailoni tumezisahau kambini. Kwenye gari kulikuwa na kamba ya katani. Mimi mtu wa Tanga, nikaona kama nyumbani kumenifuata. Nilivuta kweli kweli mpaka mapanga yakapinda, nikarudi hatua tatu nyuma kuifurahia kazi yangu. Usiku ikanyesha. Katani ikilowa inanenepa, na ikinenepa inafupika. Asubuhi kamba ukiigusa kwa kidole inalia kama zeze. Soksi moja imechanika, kamba imelalia ukingo wa nyuma wa panga na kukikunja kile kibati cha kusawazishia. Kibati chenyewe kidogo kuliko kiganja changu. Helikopta ilikaa siku nne ikisubiri mwenye cheti cha kuligusa panga lile, abiria wakarudi kwa gari wakila vumbi, na mimi nilikuwa nalala na turubai la helikopta kama mke wangu.

Kwa hiyo:
- Nailoni. Katani ni ya dharura tu, na ukiitumia acha ulegevu wa upana wa kidole gumba.
- Panga lizuiwe kucheza, lisipindwe. Ukiliona limekuwa upinde, legeza.
- Usilegeze ovyo pia. Kamba inayoning'inia inalipatia panga nafasi ya kuchukua kasi kabla ya kukatizwa.
- Kamba isilalie ukingo wa panga popote.
- Fundo liwe la kufunguka likiwa limelowa. Kisu karibu na panga sitaki kukiona.

7. Vigingi. Vipigwe vikilala, vichwa vikiinamia nje, mbali na helikopta. Kwenye zile nyanda za majivu ya volkano juu ni laini, chini kidogo unakuta tabaka kama saruji. Kigingi cha hema kinapinda. Hapo chimba mtaro wa kina cha goti, laza gogo, kamba ifungwe katikati ya gogo, fukia na ushindilie. Kamba ikamate mirija ya miguu, siyo mkia.

8. Kioo. Kifute kwa maji mengi kabla ya kuvisha turubai. Vumbi likibaki ndani na turubai likapigapiga usiku kucha, umejitengenezea msasa.

9. Milango ifungwe. Piga simu ya setilaiti, mpe mtu wa kambini alama za GPS.

Asubuhi: hesabu vizibo vyote mkononi, chuja maji kwenye tangi, kagua mapanga. Halafu chimbua miguu. Mguu mmoja ukiwa umenaswa kwenye tope na wewe ukavuta nguvu za kunyanyuka, helikopta inageukia mguu ule na kulala ubavu haraka kuliko mkono wako. Ndiyo sababu ya kuukwepa udongo mweusi.

MASWALI

Kaka_Spana: Mkuu, kwa hiyo katani inafaa au haifai?

Soma namba 6.

Mzee wa Mbeya: Mimi miaka yote nafungia waya wa nondo na haijawahi kutokea kitu.

Hongera. Waya hauvutiki, na pale unapogusa panga unakwangua. Mkwaruzo kwenye panga siyo mkwaruzo kwenye bodaboda. Sibishani zaidi.

Binti_Rombo: Samahani, mimi siyo wa fani. Kwa nini msiache mapanga yazunguke yenyewe na upepo? Feni ya dirishani haivunjiki.

Swali zuri, hata wanafunzi hawaliulizi. Feni ni fupi na ngumu. Panga la helikopta ni refu na limetengenezwa lipinde. Likienda polepole halina mzunguko wa kulinyoosha, kwa hiyo upepo unalipandisha upande mmoja na kulishusha upande wa pili, mpaka linaweza kuugonga mkia wake mwenyewe. Ndiyo maana hata kuzima injini kwenye upepo mkali kuna kikomo. Karibu uulize tena.

Dereva_Bowza: Na mapipa ya mafuta tunayoacha pale pale?

Yalaze, vizibo viwili vikae usawa mmoja, saa tatu na saa tisa za mshale, mafuta yavifunike kwa ndani. Pipa likisimama, maji ya mvua yanatuama juu. Usiku mafuta yakipoa pipa linavuta pumzi na kuyanyonya maji kizibo kikiwa kimefungwa vizuri tu.

Morani_Mstaafu: Hujasema wanyama.

Kweli, asante. Zungushia matawi ya mgunga yenye miiba. Fisi anapenda mpira na kamba, ng'ombe anakuja kujikuna. Ukipata kijana wa boma la jirani alinde, mlipe, na mwonyeshe mapema kwamba rota ya mkia haishikwi.

Boss_Maralal: Huku Samburu wakati wa nzige 2020 helikopta zilikuwa nyingi. Pitoti ikikaa wazi siku moja tu, nyigu anajenga ndani yake.

Kabisa. Ndege ya Birgenair iliyoanguka karibu na Puerto Plata mwaka 1996 na kuua watu 189, ilishukiwa ni kiota cha nyigu kwenye pitoti. Ilikuwa imekaa chini siku kadhaa bila vifuniko.

Kaka_Spana: Mkuu, na kama sina soksi za mapanga?

Gunia la mahindi lenye mshono mzuri, ndani liwe na kitambaa laini. Likung'ute kwanza. Mimi nilishawahi kulivisha panga na panya yumo.