Jinsi ya kuweka na kutoa kito kinachovunjika haraka kwenye pete

Juzi nimemsaidia mwenzangu anayejifunza usonara kutoa opali kwenye pete ya fedha, jioni nzima imeisha hapo, nikaona niandike kabisa.

1. Lijue jiwe lako. Ugumu sio uimara jamani. Topazi ina 8 kwenye kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa mawe, 1 hadi 10) lakini ukiigonga vibaya inapasuka kama kuni. Tanzanaiti haitaki joto la ghafla, opali ina maji ndani yake, na zumaridi nyingi zina nyufa zilizojazwa mafuta. Kwa hiyo kulehemu kote kuishe kabla jiwe halijafika mezani.

2. Tengeneza kikalio, yaani kile kikombe cha fedha ambamo jiwe linakaa. Ila kwangu lazima kiwe na tundu nyuma, na kagua kwa lenzi kama kuna kidonge cha lehemu kimebaki kwenye kona ya ndani, maana jiwe likikalia hicho kidonge ukilikandamiza tu limekatika.

3. Kupima kama jiwe linaingia. Hapa ndipo nilipoumia. Unalisukuma kwa kidole uone tu kama linakaa, linakaa kweli, halafu halitoki! Mara ya kwanza nilichokonoa kwa ncha ya kisu karibu saa tatu nzima, nikasikia tik, kipande chembamba kama ganda la kitunguu kikaruka kutoka ukingoni, na jiwe lilikuwa la mteja. Tangu hapo natandaza uzi wa kusafishia meno juu ya kikalio, jiwe linaingia juu ya uzi, nikitaka kulitoa navuta ncha zote mbili kwenda juu taratibu. Kama umesahau uzi na limeshanasa, sukuma kwa nyuma kwenye tundu kwa kijiti cha mbao, sio msumari, sio sindano. Huna tundu? Geuza pete juu ya kitambaa, gonga ubavu wake polepole kwa mpini wa mbao, au bandika selotepu yenye gundi kali juu ya jiwe uvute. Kisu weka mbali kabisa.

4. Kukandamiza ukingo wa fedha ulishike jiwe. Kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, kidogo kidogo, usizunguke upande mmoja. Mimi natumia kifaa cha shaba, chuma kikiteleza kinakwaruza opali.

5. Kutoa jiwe lililokwishafungwa. Inua ukingo wa fedha kwa bapa jembamba, pande zinazotazamana, na bapa liegemee fedha, lisiegemee jiwe. Kama pete ina vijino (vile vikucha vya chuma vinavyoshika jiwe), usivikunje mbele na nyuma, vinachoka vinakatika. Kama jiwe limeshikwa na gundi, usipashe moto, na asetoni (kile kiyeyusho cha kutolea rangi ya kucha) usiiguse kwa zumaridi maana inatoa yale mafuta na nyufa zote zinaonekana.

Likitoka lioshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, zile mashine za kusafishia kwa mitetemo hapana.