Kaa Wewe Kwanza, Kisha Mweke Mgonjwa: Kinga ya Maumivu kwa Daktari wa Meno

Maumivu ya shingo, mabega na kiuno kwa daktari wa meno huanza kabla drili haijawashwa. Mgonjwa hulazwa kwanza, kisha daktari hujipinda kumfuata. Geuza utaratibu huo: kaa sawasawa kwanza, ndipo ulete mdomo wa mgonjwa pale macho na mikono yako ilipo.

Anza na stuli. Ipandishe mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, mapaja yateremke kuelekea mbele na nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Stuli ikiwa chini mno, kiuno hupoteza mbinuko wake wa asili na diski za uti wa mgongo hubanwa upande wa mbele. Kiegemeo kiguse kiuno. Ukikaa ukingoni, hakikusaidii kitu. Pedali ya kuendeshea drili nayo isogezwe karibu, kwani mguu ukinyooshwa kuifuata, uzito wote huangukia nyonga moja.

Sasa mgonjwa. Weka viwiko karibu na mbavu, mabega yakiwa yamelegea, kisha kunja mikono: vidole vyako vilipofikia ndipo mdomo wake unapotakiwa kuwa, takriban sentimita 35 hadi 40 kutoka machoni pako. Kwa meno ya juu, laza kiti kabisa na kidevu kiinuke. Kwa meno ya chini, inua mgongo wa kiti kama nyuzi 20 na kidevu kishuke. Hakikisha utosi umefika ukingoni mwa kiegemeo cha kichwa. Mgonjwa huteleza chini taratibu bila mtu kugundua, na hapo daktari hulazimika kuinama juu ya kiegemeo. Mwombe apande tena, hata katikati ya kazi. Vilevile mwombe ageuze kichwa. Ni sekunde mbili tu, ila madaktari wengi huona haya kumsumbua mgonjwa, wakaisumbua shingo yao miaka mingi.

Chukulia kichwa cha mgonjwa kuwa uso wa saa, namba 12 ikiwa utosini. Anayetumia mkono wa kulia afanye kazi kati ya 9 na 12, na ahame kila jino linapobadilika. Magego ya juu yatazame kwa kioo ukiwa kwenye 12, usiyachungulie moja kwa moja.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kadiri kinavyoinama ndivyo misuli ya shingo inavyobeba mzigo mkubwa zaidi. Kiinamo kisizidi nyuzi 20. Miwani ya kukuzia husaidia iwapo tu lenzi zake zimeelekezwa chini vya kutosha. Zisipoelekezwa, humlazimisha daktari kuinama zaidi. Taa ikae karibu na mstari wa macho yako, la sivyo utajipinda kukwepa kivuli.

Kwa mikono, chagua vifaa vyepesi vyenye mpini mnene, kama milimita 10. Mpini mwembamba hudai kubanwa kwa nguvu. Noa vifaa vya kukwangulia ugaga mara kwa mara, maana kifaa butu huongeza nguvu kwenye kidole gumba. Egemeza kidole kimoja juu ya jino. Glavu zisikaze penye shina la kidole gumba.

Misuli iliyokazwa bila kusogea hubana mishipa yake ya damu. Kila baada ya mgonjwa simama, pinda mgongo kwa nyuma taratibu, rudisha mabega nyuma, nyoosha vifundo vya mikono, kila zoezi sekunde 20 hivi. Usipange kazi ndefu za magego mfululizo.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku huashiria neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa ni kidole cha mwisho na cha pete, chunguza kiwiko. Ukianza kuangusha vifaa, nenda ukapimwe wiki hiyohiyo: neva ikibanwa muda mrefu, nguvu za mkono huenda zisirudi zote.