Namna ya Kufuatilia Kazi za Mtunzi Mhamiaji wa Broadway ya Zamani

Anza na jina, maana hapo ndipo wengi hukwama. Sigmund Romberg, mtunzi wa maonyesho ya muziki ya Broadway (eneo la kumbi za maonyesho New York) aliyefika mji huo mwaka 1909, alizaliwa Nagykanizsa, Hungaria, akiitwa Rosenberg. Ukimtafuta huko kwa jina la Romberg, hutaambulia kitu. Orodhesha kwanza tahajia zote za jina la mtunzi wako.

Kisha tafuta orodha ya abiria wa meli. Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ilifunguliwa mwaka 1892, hivyo aliyetangulia usimtafute huko. Mtafute na mwenzi wake pia. Victor Herbert, mtunzi mwingine wa Broadway, alivuka mwaka 1886 kwa sababu mkewe, Therese Förster, alipata mkataba wa kuimba Metropolitan Opera, jumba la opera la New York. Herbert mwenyewe alikwenda kupiga selo kwenye okestra ya hapohapo.

Karatasi za kuomba uraia wa Marekani za kabla ya Septemba 1906 mara nyingi hazina mengi. Za baadaye hutaja mahali pa kuzaliwa, meli na siku ya kuwasili. Hata hivyo, hayo ni maelezo ya mwombaji mwenyewe, na mtu anaweza kukosea hata kuhusu kwao: Herbert alijulikana miaka mingi kuwa mzaliwa wa Dublin, kumbe alizaliwa Guernsey.

Kazi kubwa iko kwenye noti zilizochapishwa. Usiamini jalada. Jalada hubeba jina la onyesho na mara nyingi la mtunzi mkuu, lakini enzi hizo maprodyuza walichomeka nyimbo za watunzi wengine katikati ya onyesho, hasa mwimbaji nyota alipotaka wimbo wake. Fungua ukurasa wa kwanza wa muziki: juu, upande wa kulia, ndipo kwa kawaida huandikwa aliyetunga wimbo huo, chini kuna mwaka wa hakimiliki na jina la mchapishaji. Mwaka huo ulinganishe na orodha za hakimiliki za Marekani. Ukiruka hatua hii utampa mtunzi wako nyimbo zisizo zake, na kosa hilo likishaingia kwenye orodha ni gumu kuling'oa.

Kwa tarehe za maonyesho, tenga safu mbili: onyesho la kwanza popote, na la kwanza New York. Onyesho la Herbert, Babes in Toyland, lilianzia Chicago Juni 1903, likafika New York Oktoba. Anayetazama kumbukumbu za Broadway peke yake huikosa miezi hiyo minne, na ndani yake nyimbo ziliweza kuongezwa au kuondolewa. Magazeti ya mji wa kwanza ndiyo yatakayokuonyesha.