Kaunta buku, kanga ya akiba na siti ya mbele: kuishi na kolaitisi ya vidonda na kumsindikiza mgonjwa mwenzako

Nilimeza Flagyl miaka mitatu. Nikipata choo chenye damu, maabara ya mtaani inaandika amiba. Nikimaliza dozi natulia wiki mbili, ya tatu naanza upya. Ikapita taifodi, ikapita minyoo, akapita na mzee mmoja wa Pongwe na mizizi yake kwenye sufuria nyeusi. Dalili zilinianza 2017. Kamera ya utumbo mpana niliingizwa Muhimbili mwaka 2020, vikakatwa vinyama vidogo vikapelekwa kupimwa, nikaambiwa nina kolaitisi ya vidonda. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Udaktari siujui. Ninayoandika hapa ndiyo ninayomwambia mgonjwa mpya akija kukaa kwenye benchi la wateja, akijifanya ameleta gauni la kupunguza.

Jifunze kuutaja ugonjwa wako

Ukisema "nina vidonda kwenye utumbo", watu wanasikia vidonda vya tumbo. Hapo hapo utapewa juisi ya kabichi na kukatazwa maharage. Vidonda vya tumbo viko juu, kwenye mfuko wa chakula na pale utumbo unapoanzia. Vyetu viko chini, kwenye utumbo mpana, vinaanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda. Ukijaribu kusema "uvimbe wa utumbo" ndiyo umeharibu kabisa, wameshaanza kukulilia kansa. Kamusi zina neno mchochota, neno zuri tu, ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia sokoni. Mimi husema hivi: "Kinga ya mwili wangu inaushambulia utumbo wangu mwenyewe. Hauambukizi. Dawa haziuondoi, zinautuliza." Yakariri maneno hayo mpaka uweze kuyasema mbele ya mama mkwe bila kuangalia chini.

Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, wenye jina la daktari wa New York aliyeueleza na wenzake mwaka 1932. Huo unaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na unafanana mno na kifua kikuu cha utumbo. Kwa hiyo daktari akitaka kukupima TB kwanza, usione anakuzungusha: baadhi ya dawa zetu hushusha kinga, na zinaweza kuiamsha TB iliyojificha. Na amiba nayo ipo kweli, lazima itafutwe. Tatizo ni kumtibu mtu amiba kwa mara ya tano bila mtu hata mmoja kujiuliza kwa nini haiishi.

Kuna na lile jingine. Mtu anayekonda huku anaharisha, mtaani kwetu hukumu yake inajulikana: "kakanyaga miwaya." Mimi nilisikia kwa masikio yangu, kisimani. Pima VVU, ujue majibu yako, kwanza hospitali nayo itataka kuyajua. Ila usijitetee kwa kuwatukana wenye virusi. Kliniki tunakaa foleni moja, na ni dada mmoja anayetumia dawa za VVU aliyenifundisha kuweka kengele ya simu ili nisisahau vidonge.

Kaunta buku

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili. Simu inafaa pia, lakini simu huazimwa na watoto. Piga mistari: tarehe, choo mara ngapi mchana, mara ngapi usiku, damu, dawa, uzito wa Jumatatu asubuhi. Kwenye damu usiandike insha, andika 0, michirizi, au nyingi. Safu ya usiku usiiruke. Choo kinachokuamsha usingizini kina maana yake kwa daktari, na wagonjwa wengi hawakitaji kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Kwa nini nasisitiza? Siku yangu ya kwanza kliniki nilisafiri zaidi ya kilomita 300, nikasubiri tangu alfajiri, nikaingia, daktari akauliza, "Unaendeleaje?" Nikajibu, "Namshukuru Mungu." Adabu ilinijibia. Nikatoka na dozi ileile, na damu ileile. Safari iliyofuata nilimshikia ukurasa: wiki mbili, mara saba kwa siku, mara mbili usiku, damu nyingi. Hakuuliza tena naendeleaje. Alibadilisha dawa palepale.

Ndani ya jalada nimeandika kwa kalamu nyekundu, nawe andika: choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa ya kuzidi 37.8 au moyo kupiga zaidi ya mara 90 kwa dakika, ni hospitali siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki, usingoje mume arudi safari. Tumbo likijaa ghafla na kuuma kuligusa, vivyo hivyo.

Dawa, na upumbavu wangu

Nilianzishwa prednisoloni, vidonge vinane vya miligramu 5 kila asubuhi, nipunguze kimoja kila wiki. Damu ilikata ndani ya siku chache. Uso ukajaa, mashavu yakawa kama maandazi, na mtaa mzima ukanisifu: "Fundi umependeza! Umenenepa!" Mimi nilijua si unene, ni dawa. Wiki ya tatu, kwa hasira ya kioo, nikaacha vyote kwa mkupuo. Siku ya nne nilianguka dukani nikiwa na mkasi mkononi. Nilikuja kuelezwa baadaye kuwa ukimeza dawa hizo kwa wiki kadhaa, mwili unaacha kutengeneza homoni yake inayofanana nazo, na unahitaji muda wa kuanza tena. Zipunguze kama ulivyoandikiwa, hata kama umepona, hata kama umechukia sura yako. Na zimezwe asubuhi baada ya kula. Ukizimeza usiku utahesabu boriti hadi adhana ya alfajiri.

Prednisoloni ni ya kuzima moto, si ya kukaa nayo. Ya kukaa nayo kwa wengi wetu ni mesalazini, au sulfasalazini ambayo ni ya zamani zaidi na mara nyingi bei yake ina nafuu. Sulfasalazini huendana na foliki asidi, na inageuza mkojo rangi ya chungwa, usishtuke. Kwa wanaume inaweza kupunguza mbegu, zikarudi dawa ikiachwa, na mwanaume ambaye hakuambiwa hilo anaweza kumsumbua mkewe bure miaka miwili. Azathioprini, ambayo ni ya kushusha kinga, inataka upimwe damu na ini mara kwa mara, na ukiwa unaitumia usichome chanjo ya homa ya manjano kabla ya kumuuliza daktari wako wa utumbo.

Dukani usiombe "dawa ya maumivu" tu. Utapewa diklofenaki. Magoti yaliniuma, nikanunua, wiki hiyohiyo tumbo likalipuka. Na yale maumivu ya magoti yenyewe yalikuwa ya ugonjwa huuhuu: unaweza kushika viungo, macho, hata ngozi. Omba paracetamoli, kisha yaandike kwenye buku.

Chakula

Utaletewa orodha nyingi za chakula, nami yangu haina ukubwa kuliko za wengine. Tumbo likiwaka: uji wa mchele, ndizi mbivu, viazi vya kuponda, samaki wa kuchemsha. Mahindi ya kuchoma, mua, pilipili na maharage yenye maganda, kando kwanza. Likitulia, rudi kwenye chungu cha familia. Nimewaona waliojinyima kila kitu wakabaki mifupa huku ugonjwa uko palepale, maana waliyemnyima ni mwili, si ugonjwa. Ukikosa pakiti ya ORS, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Mwezi wa Ramadhani nilijilazimisha mwaka wa kwanza. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, Al-Baqara aya ya 184 na 185. Kamuulize shekhe unayemwamini, mweleze na habari ya udhu usiodumu pia. Atakuwa ameulizwa na wengi kabla yako.

Safari

Hapa ndipo nina ufundi wa kweli. Tiketi nakata mapema, siti ya mbele, upande wa njia, si dirishani. Usiku kabla ya safari nakula mapema; asubuhi chai siigusi. Stendi ya Kange, kabla dereva hajawasha gari, namfuata konda pembeni: "Kaka, nina ugonjwa wa utumbo. Nikikuambia simama, si utani, wala sitangoja Segera." Mwambie mapema, akiwa na nafasi ya kuwa muungwana. Ukingoja mpaka basi zima linasikia, naye atataka kuwachekesha abiria. Tangu nianze hivyo hakuna aliyenikatalia kuchimba dawa, hata mara moja.

Kwenye pochi: kanga moja ya akiba, nguo ya ndani, sabuni kipande, chupa ya maji ambayo si ya kunywa, na kimfuko cha kutia kilicholoa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, basi nikashona changu kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, zipu juu, bitana ndani. Hakivuji, hakitoi harufu. Nimeshashona zaidi ya arobaini kwa wenzangu. Ukiwa na cherehani, mwavuli mmoja unatoa vitatu.

Kumsindikiza mwenzako

Wa kwanza alikuwa mama wa Muheza, mwanawe yuko kidato cha pili. Mtoto ana ugonjwa wa Crohn, mwalimu mmoja hamruhusu kutoka darasani mpaka kipindi kiishe. Alishajichafua mara mbili, hataki tena shule. Mama anataka kwenda kugombana. Nikamwambia tungoje siku tatu.

Tulichofanya ni hiki. Tulimwomba daktari barua fupi inayosema mtoto anahitaji nini. Jina la ugonjwa tulimwachia mtoto mwenyewe aamue, akakataa lisiandikwe. Tukachagua mambo mawili tu: akae karibu na mlango, na atoke bila kuomba ruhusa. Tulikuwa na saba, tukafuta matano. Tukaenda kwa mwalimu mkuu saa za mapumziko. "Shikamoo mwalimu. Tumekuja kuomba msaada wako, si kushtaki." Yule mwalimu wa darasa hatukumtaja jina. Mwalimu mkuu alisoma barua, akanyamaza, kisha akaongeza la tatu mwenyewe: ufunguo wa choo cha walimu.

Duka la dawa nalo lina njia yake. Mesalazini ilikuwa haipatikani mjini, kila mmoja wetu anaagiza Dar kivyake kupitia dereva. Mfamasia hawezi kuweka dawa ambayo hajui itanunuliwa na nani. Tukakusanyana wagonjwa tisa, tukaandika kwenye karatasi moja: vidonge vingapi kwa mwezi, miligramu ngapi, bila majina, namba tu. Nikampelekea. Alihesabu, akaandika oda mbele yangu. Siku tukichelewa kuchukua hunipigia simu, maana hela yake imelala pale kabatini.

Ukimsindikiza mtu bima, nenda na jina la dawa lenyewe, si la kampuni, na nakala ya cheti. Wakikataa, omba kwa upole wakuandikie sababu. Mara nyingi kalamu ikishikwa, sababu inatafutwa upya.

Makosa nimeyafanya. Niliwahi kujibu maswali ya daktari badala ya mgonjwa, kwa kuwa alikuwa mzito wa kusema, nikakosea. Dozi aliyokuwa akimeza siyo niliyoitaja. Tangu hapo nakaa nyuma yake, naandika, nafungua mdomo akinigeukia. Niliwahi pia kumsalimia mtu sokoni kwa sauti, "Tumbo linaendeleaje?" Mumewe alikuwa hajui. Yule dada hajanisemesha mpaka leo, na ana haki. Sasa mtaani ni gauni tu: "Lile gauni limekukaa?" Naye anajibu, limebana, au limekaa vizuri. Wote tunaelewa. Vidonge vyangu simgawii mtu, hata akilia. Nampa nauli.

Mwaka wa nane tangu dalili zianze ni wa kurudi kwenye kamera, hata kama huumwi, kwa sababu utumbo uliowaka miaka mingi unaweza kuota kansa, na ikikutwa mapema inatolewa. Wangu umefika. Ile dawa ya kusafisha tumbo usiku wa kuamkia kipimo ni chungu kama ninavyoikumbuka, na baada ya sindano ya usingizi hawakuachii utoke peke yako. Mama wa Muheza amesema atakuja. Ameshakata tiketi mbili, siti za mbele, na jana alipita dukani kuuliza konda wa basi la saa kumi na mbili nimeshaongea naye au amfuate yeye.