Nyuzi za kidonda zina siku zake

Ukishonwa, usiondoke kabla hujauliza nyuzi zinatolewa lini, au kama ni zile zinazoyeyuka zenyewe. Za usoni kwa kawaida hutolewa baada ya siku 5 hivi, kichwani 7 hadi 10, mkononi na mguuni 10 hadi 14. Za goti au kiwiko huchukua karibu siku 14, maana ngozi pale huvutwa kila ukikunja. Zikipitiliza huacha alama kama ngazi, na usoni inaumiza sana moyo.

Siku ya kwanza usiloweshe. Baadaye osha taratibu kwa maji na sabuni, kausha kwa kugusagusa. Spiriti achana nayo, inachelewesha kupona. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka au homa ikipanda, usingoje tarehe, rudi siku hiyohiyo.