Fremu ya baiskeli: kagua kiungo kabla ya kuwasha gesi

Mtu akiniletea baiskeli ya Black Mamba iliyokatika hapa Gikomba, Nairobi, huuliza kwanza bei. Mimi huchukua tupa kwanza.

Kwangua rangi penye kiungo. Ukiona bomba limeingia ndani ya soketi, na ukingoni kuna mstari wa manjano, fremu hiyo imelehemiwa kwa shaba ya njano. Ndivyo fremu nyingi za chuma zilivyoungwa tangu karne ya 19. Shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, chuma karibu 1,500, kwa hiyo bomba lenyewe haliyeyuki. Jambo hilo lilizidi kuwa na maana baada ya 1897, Alfred Reynolds wa Birmingham alipopata hataza ya mabomba manene nchani na membamba katikati. Mwaka 1935 kampuni yake ikatoa bomba la aina ya 531, na ushauri wake ulikuwa kuilehemu. Ukiichomelea, yaani ukiyeyusha chuma chenyewe, huwa rahisi kupasuka kando ya mshono.

Usipoona soketi, ila mshono uliopangika kama magamba ya samaki, hiyo ni tigi (TIG), uchomeleaji wa stima unaokingwa kwa gesi, uliozaliwa kwenye viwanda vya ndege vya Marekani miaka ya 1940. Bomba la Reynolds 853, la 1995, lilitengenezwa likikusudiwa moto huo: huzidi kuwa gumu likipoa hewani.

Sasa kazi. Kiungo cha shaba kirudishie shaba. Piga msasa mpaka chuma king'ae, paka boraksi, kisha pasha kiungo chote, soketi zaidi kuliko bomba. Rodi usiipashe. Chuma kikianza kuelekea rangi ya chungwa, gusisha rodi. Shaba itavutwa yenyewe ndani ya mwanya. Ikikataa kuingia, ama kuna uchafu ama moto haujatosha, na kuongeza rodi hakutasaidia. Acha kipoe polepole, maji usimwage. Fanyia penye upepo, maana moshi wa zinki huleta homa.

Fundi wa mageti atakwambia kuchomelea kwa stima ni haraka. Kweli, kwa mageti. Ukichomelea juu ya shaba iliyobaki, shaba hupenya ndani ya chuma chenye moto na kukipasua, na bomba lenye unene wa nusu milimita katikati hutoboka kabla hujainua mkono.

Sumaku isiponasa, yaelekea ni alumini. Hiyo siigusi: fremu za 6061, aina moja ya alumini, huingizwa tanurini kiwandani baada ya kuchomelewa ili nguvu zirudi, na tanuri la namna hiyo sina.